Mtazamaji wa Sebuleni

Kupenda ni jambo moja na kuhukumu ni jambo lingine. Mtu hupenda embe kabla hajajua sababu ya kulipenda, wala hapana awezaye kumlaumu kwa hilo. Lakini akisema kwamba embe la mti huu ni bora kuliko la mti ule, amekwisha kutoka katika kupenda na kuingia katika kuhukumu, na kila hukumu hudaiwa ushahidi. Katika mambo ya filamu wengi wetu hupenda na kuchukia kwa haraka, kisha tukayaita mapenzi yetu hukumu. Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo insha hii ni ungamo kwanza, kisha ni uhakiki.

Mimi si mjuzi wa filamu. Ni mwalimu niliyefunzwa chuoni kufundisha lugha, na filamu huzitazama nyumbani jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Zamani aliyetaka kutazama sinema alikwenda mjini, akalipa kiingilio, akaketi gizani pamoja na watu asiowajua, akanyamaza. Leo sinema humfuata mtu sebuleni kwake. Faida yake ni kubwa, maana aweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma na kuitazama tena. Hasara yake nayo si ndogo. Kitu kinachopatikana bila safari hupokewa bila heshima. Tunazungumza, tunajibu simu, tunakwenda jikoni kuangalia chungu, kisha tunarudi na kusema kwamba filamu haina maana.

Katika likizo moja ya Desemba mama yangu alikuja kukaa nami. Jioni moja niliweka filamu niliyopewa na rafiki, Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyotengenezwa Italia mwaka 1948 na Vittorio De Sica. Dakika kumi hazikutimia kabla sijaihukumu. Picha zake ni nyeusi na nyeupe. Maneno yake ni ya Kitaliano. Tafsiri iliyoandikwa chini ya picha ilikuwa ya Kiingereza, na mama hasomi Kiingereza. Nilimwambia, "Mama, hii ni ya kale na ya kuchosha. Ngoja nitafute nyingine." Nilipokuwa nikisema hayo macho yangu yalikuwa katika simu.

Mama akajibu, "Iache, mwanangu. Nataka kuona kama watazipokea shuka zake."

Nikauliza, "Shuka gani?"

Ilinibidi kuirudisha filamu nyuma ili nione alichokiona mtu asiyeelewa hata neno moja la mazungumzo yale. Antonio Ricci, mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi katika mji wa Roma baada ya Vita vya Pili vya Dunia, amepata kazi ya kubandika matangazo ukutani. Kazi hiyo yahitaji baiskeli, na baiskeli yake imewekwa rehani. Mkewe, Maria, anazivua shuka za kitanda, nao wanakwenda kuziweka rehani ili waikomboe baiskeli. Mtumishi wa duka la rehani analichukua furushi lao na kupanda nalo juu ya rafu ndefu mno, na rafu zile zimejaa mafurushi kama lile. Hapana mhusika anayesema neno juu ya jambo hilo. Mama alitazama mpaka mtumishi yule alipofika juu, akasema, "Basi si wao peke yao."

Hapo umeme ukakatika. Tuliketi gizani, na katika giza lile mama alinieleza jambo ambalo sikulijua maisha yangu yote. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza niliambiwa kwamba cherehani yake imepelekwa kutengenezwa. Haikupelekwa kutengenezwa, iliuzwa. Karo yangu ilitoka humo. Hakulieleza kwa uchungu wala kwa kutaka shukrani, bali kama mtu anayemfafanulia mwenzake maana ya picha waliyoitazama pamoja. Waswahili husema, mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa na macho na cheti cha chuo, na nililazimika kuambiwa.

Siku ya pili tuliimaliza. Msomaji aweza kuuliza, je, filamu huwa nzuri kwa sababu imemkumbusha mtu cherehani yake? La. Hata filamu mbaya huweza kumkumbusha mtu machungu yake, kama kitunguu kiwezavyo kumtoa machozi mtu asiye na huzuni. Uzuri wa Wezi wa Baiskeli uko katika kazi yenyewe. De Sica hakutuambia kwamba umaskini ulikuwa wa watu wengi. Alimwonyesha mtu mmoja akipanda rafu. Antonio aliigizwa na Lamberto Maggiorani, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani, na mwendo wake si mwendo wa mtu aliyejifunza kuonekana mchovu. Baiskeli inapoibwa siku ya kwanza ya kazi, Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji wakiitafuta. Wanaingia hotelini kula, na katika meza ya jirani ameketi mtoto wa matajiri. Bruno anamtazama mtoto yule, kisha anakitazama chakula chake. Hapana hotuba juu ya tajiri na maskini. Yako macho ya mtoto tu, nayo yatosha.

Mwishoni Antonio mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa, na mwanawe anashuhudia yote. Mwenye baiskeli anamsamehe, na Bruno anautia mkono wake katika mkono wa baba. Baiskeli haikupatikana. Nilipokuwa kijana ningesema kwamba kisa hiki hakina mwisho. Sasa naona kwamba swali la filamu si tena kama baiskeli itapatikana, bali ni kama mtoto ataweza kumheshimu baba aliyemwona akiaibika. Swali hilo limejibiwa kwa kushikana mikono.

Hata hivyo filamu hiyo haikosi ila, na aliyeitaja ila yake ni mama. Aliuliza mara mbili, "Mkewe yuko wapi?" Ni kweli. Maria, aliyezivua shuka, anaachwa nyuma mapema, na filamu inabaki kuwa ya baba na mwana. Huenda ndiyo bei ya kukikaza kisa, lakini ni bei, na mhakiki hana budi kuitaja.

Baada ya hapo nilizirudia filamu mbili nilizokuwa nimezipitisha bila kufikiri, moja kwa kuidharau na moja kwa kuisifu.

Niliyoidharau ni Queen of Katwe, ya Mira Nair, iliyotoka mwaka 2016. Yaeleza habari za kweli za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi, akafunzwa sataranji na Robert Katende, akawa mchezaji wa kuiwakilisha Uganda. Nilisema mwisho wake wajulikana tangu mwanzo, na hata leo silifuti neno hilo. Tena wahusika huzungumza Kiingereza nyumbani na sokoni, mahali ambapo ungetazamia kusikia Kiganda. Lakini nilipoitazama kwa makini niliona kwamba mvutano wake mkubwa hauko katika ubao wa sataranji. Uko kwa mama, Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Anaogopa kwamba watoto wake wataonyeshwa dunia wasiyoweza kuifikia, kisha warudishwe kuuza mahindi wakiwa na huzuni wasiyokuwa nayo kwanza. Hofu hiyo si ujinga. Phiona anaposhindwa ugenini Urusi, mtazamaji huona kwamba mama alikuwa na hoja. Filamu inayompa haki hata anayempinga shujaa wake imevuka kiasi cha ngano ya ushindi.

Liko na jambo lingine, ambalo watazamaji wa sebuleni hulikosa. Majina ya waigizaji yanapoanza kupita mwishoni, waigizaji wakuu wanasimama kando ya watu halisi waliowaigiza. Mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuizima. Nilitoa hukumu juu ya kitabu ambacho sikuusoma ukurasa wake wa mwisho.

Niliyoisifu bila kufikiri ni Supa Modo, ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018 na kuchaguliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Niliisifu kwa sababu ni yetu, na kwa sababu humo husikika Kiswahili kama tunavyokisema. Hizo ni sababu za kupenda. Sababu za kuhukumu ni nyingine. Jo, msichana mdogo mwenye ugonjwa usioponyeka, anaondolewa hospitalini na mama yake ili siku zake zilizobaki azimalizie nyumbani. Anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anamfanya ajione kuwa naye anazo nguvu hizo, na hatimaye kijiji kizima kinaingia katika mchezo huo na kuamua kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Jirani yangu alisema, "Hao wanamdanganya mtoto anayekufa." Mara ya kwanza nilicheka. Nilipofikiri niliona kwamba jirani ameligusa swali lenyewe la filamu: je, kumfariji mtu kwa jambo lisilo la kweli ni upendo au ni woga? Naona wahusika hawakulikimbia swali hilo, maana mama na dada wanagombana juu yake, na kila mmoja anasema kwa upendo. Ila yake ni kwamba wanakijiji wengine ni wema kupita kiasi. Sikumwona hata mmoja aliyechoka. Mwisho wake sitausimulia. Na autazame msomaji mwenyewe.

Nimejifunza nini? Kwanza, nisitoe hukumu juu ya nisichokitazama. Anayetazama kwa jicho moja, la pili likiwa katika simu, hana haki ya kusema filamu imemchosha. Aseme yeye ndiye aliyekuwa mbali. Pili, nikisema filamu ni nzuri au mbaya, nionyeshe mahali: tendo, sura, neno, au kimya. Neno "nzuri" lisilo na mahali ni barua isiyo na anwani. Tatu, niyapokee maoni ya kila mtu aliyetazama kwa dhati, awe amesoma au hakusoma, kisha niyapime kwa filamu yenyewe, si kwa cheo cha msemaji. Mama yangu hakujua jina la De Sica, lakini aliona rafu. Jirani yangu hakubaliani nami, lakini alilipata swali.

Nawe, mwanafunzi, unayeketi jioni mbele ya runinga pamoja na jamaa zako, usiogope kuwa na maoni. Dunia haina upungufu wa maoni. Upungufu wake ni wa macho yanayokaa mpaka mwisho. Tazama kwanza, kisha sema, kisha toa sababu. Na kama yuko mzee chumbani mwenu, muulize ameona nini. Mimi nilichelewa kuuliza kwa miaka ishirini, na kama si umeme kukatika jioni ile, ningekuwa nimebadilisha filamu, na habari za cherehani nisingalizijua kamwe.