Kompyuta ya maji, joto la Sinza

Mpwa wangu alikuja na picha kwenye simu: kompyuta ya gemu yenye mabomba angavu kama kioo, maji ya zambarau yanazunguka ndani yake, taa kila kona. "Mjomba, nataka hii." Nikamuuliza chumbani kwake kuna nyuzi ngapi saa tisa alasiri. Akacheka, akidhani nimeruka mada. Tulitundika kipimajoto ukutani wiki nzima ya Februari. Mchana kilisoma 31, usiku 29, na siku umeme ulipokatika feni ya dari ikasimama, 33. Namba hizo tatu niliziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na karibu kila tulichonunua baadaye kilitokana nazo.

Watu husema kompyuta inapozwa kwa maji. Maji ni mchukuzi tu. Yanapokea joto kwenye bloku ya shaba iliyokaa juu ya prosesa na kwenye kadi ya picha, yanalitua kwenye rejeta, na hapo hewa inayosukumwa na feni ndiyo inayolimaliza. Kwa hiyo maji hayawezi kuwa ya baridi kuliko hewa ya chumba, hata ufunge rejeta za ukubwa wa mlango. Aliyeko Berlin kwenye chumba cha nyuzi 20 na aliyeko Sinza kwenye nyuzi 31 wakifunga vifaa vilevile, maji ya Sinza yatazidi kwa nyuzi 11. Miongozo mingi inayosomwa na vijana wetu imeandikwa na huyo wa Berlin.

"Basi tutie barafu," akasema. Tazama soda ikitoka kwenye friji mchana wa Dar: chupa inatoka jasho hadi mezani. Bomba likiwa la baridi kama chupa hiyo kwenye hewa yetu hii yenye unyevu, jasho hilo litadondokea madabodi. Barafu ikaishia hapo.

Tukaingia kwenye hesabu. Kadi yake ni RTX 3080, inayokula wati 320 ikibanwa. Prosesa ni Ryzen 7 5800X. Kwenye boksi imeandikwa wati 105, lakini kiwandani imeruhusiwa kuvuta hadi 142, na ndiyo namba ya kupangia. Jumla 462. Zote hizo zinageuka joto, hakuna hata moja inayobaki kuwa gemu.

Rejeta za kompyuta hupimwa kwa feni zinazoingia. Kipande cha feni moja ya milimita 120, feni ikizunguka kwa kasi ya wastani, kinaweza kutoa takriban wati 100 maji yakiwa juu ya hewa kwa nyuzi 10. Hicho ni kipimo cha mkono, si cha maabara. Feni zikipunguzwa ili zisipige kelele, kinashuka vizuri tu. Kwa wati 462 tulihitaji vipande vitano: rejeta ya feni tatu mbele, ya feni mbili juu. Hewa 31, maji 41 hadi 42. Mipira, bloku na pampu ya kawaida vinastahimili joto hilo bila shida. Angetaka maji ya nyuzi 35, ingebidi tuongeze rejeta zaidi ya maradufu, na kasha lake lisingezimeza.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hubishania bure: maji yaanzie kwenye prosesa au kwenye kadi? Pampu aina ya D5 imeandikwa lita 1,500 kwa saa, lakini ukishaweka bloku, rejeta na kona zote, tuseme zimebaki 200. Lita moja ya maji inahitaji jouli 4,186 kupanda nyuzi moja. Piga hesabu: maji yanayopokea wati 462 kwa mwendo huo hupanda nyuzi 2 tu tangu yanapoingia hadi yanapotoka. Ugomvi wote ni wa nyuzi mbili. Pitisha bomba pale linapopita kwa ufupi, bila kujikunja.

Kinachostahili ubishi ni nani anafaidika na maji. Kipande cha silikoni kwenye kadi ile kina milimita za mraba 628. Kwenye prosesa, wati nyingi zinatoka kwenye kipande cha milimita za mraba 81, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Joto limebanana mahali padogo kiasi kwamba linapata taabu kutoka kwenye silikoni yenyewe, kabla halijaonana na maji. Ndiyo maana kadi yenye bloku nzuri hukaa nyuzi 10 au 15 tu juu ya maji, huku prosesa hii ikiweza kugonga 80 mbele ya rejeta zilezile. Mpwa angekuwa na pesa ya bloku moja, ningemwambia aiweke kwenye kadi na prosesa aiachie feni kubwa. Wauzaji huanza na prosesa kwa kuwa ndiyo rahisi kufunga. Bloku ya kadi lazima ifanane na ubao wa kadi yenyewe, tundu kwa tundu, na kadi mbili za jina moja kutoka kampuni mbili zinaweza kuwa na mbao tofauti kabisa. Tulifungua kadi tukasoma namba iliyochapwa kwenye ubao kabla ya kuagiza.

Kabla rejeta haijafika tuliitengeneza ya boksi. Inaitwa ya 360, ila ukihesabu vitangi vya kila mwisho inakaribia milimita 400, na unene wa 30 ukijumlisha feni ya 25 unakuwa 55. Tulikata katoni ya feni kwa kisu, tukabandika kwa selotepu, tukaisukuma ndani ya kasha. Ya mbele iliingia. Ya juu iligonga vipande vya memori kwa upana wa penseli. Tukabadilisha kasha kwa gharama ya katoni moja.

Kuhusu metali sikutaka majadiliano. Bloku ni za shaba, basi rejeta nayo iwe ya shaba au shaba nyeupe. Shaba na alumini zikikaa kwenye maji yaleyale zinakuwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kuna aliyemshauri achukue rejeta ya gari gereji, ya bei nafuu. Za magari ya siku hizi ni alumini. Zamani hilo lilifanyika kweli: Wamarekani wa mwanzo wa mchezo huu walifunga rejeta ndogo ya hita kutoka kwenye Pontiac Bonneville ya 1977, na hiyo ilikuwa ya shaba.

Mabomba ya kioo nilimnyima. Alipata mpira mweusi wa EPDM, ambao hauna ule mlainisho unaotoka kwenye mipira angavu na kuziba vifereji vya bloku, vyembamba kuliko nusu milimita. Fitingi zina uzi wa robo inchi, uleule anaoujua fundi bomba wa Kariakoo, ila hapa hakuna kufunga tepu nyeupe. Oringi ndiyo inayoziba. Tepu itaachia nyuzi ziende kwenye vifereji hivyohivyo. Unakaza kwa vidole, basi.

Pampu inaweza kuvuta hadi wati 23, na tundu la feni kwenye madabodi kwa kawaida limeruhusiwa wati 12. Kwa hiyo umeme wake ulitoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na waya mmoja tu, wa kuhesabu mizunguko, ukaenda kwenye madabodi ili pampu ikifa kengele ilie.

Maji yenyewe ni yaliyotoneshwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Ukienda duka la spea ukaomba maji ya betri, soma lebo: kwa jina hilohilo baadhi ya wauzaji huita pia asidi.

Kosa kubwa la mpango lilikuwa langu. Nilichora kila kitu kwenye daftari nikasahau koki ya kumwagia maji. Tuliunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24, kila kitu kingine kimechomolewa, pampu peke yake ikazunguka saa 24 huku kila fitingi imefungwa karatasi ya chooni. Asubuhi karatasi moja ilikuwa na doa la ukubwa wa shilingi. Oringi ilikuwa imekunjwa. Kubadilisha oringi ni dakika mbili. Kutoa maji bila koki kulituchukua saa nzima, beseni, taulo mbili, na kasha lililolazwa ubavu kama mbuzi wa Idi. Koki iliingia siku hiyohiyo, sehemu ya chini kabisa.

Jioni alicheza nusu saa, maana maji hayatulii mapema. Hewa 31, maji 42, kadi 54, prosesa 77. Feni tulizifunga zifuate sensa ya maji, si ya prosesa inayorukaruka, kwa hiyo zilipanda taratibu bila kuguna. Nikakunja daftari.

Saa moja baadaye akanipigia simu. "Mjomba, maji yamefika 44." Nikamwambia asome kipimajoto cha ukutani. Kilikuwa 33: madirisha amefunga ili kelele zisitoke, na kompyuta imemwagia chumba wati zake zote 462.

"Fungua dirisha," nikamwambia.