Picha Zisizo na Sura

Watu wengi waonyeshwapo picha huuliza kwanza, "Hii ni picha ya nini?" Swali hilo ni jema mbele ya picha ya ng'ombe au ya mfalme. Lakini katika mji wa Houston, Marekani, imo nyumba ya sala iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa watu wa dini zote, nayo ina picha 14 kubwa ambazo swali hilo haliziwezi. Hamna mtu ndani yake, wala mti, wala msalaba. Mna rangi tu: nyeusi, zambarau iliyokoza, na ile tuiitayo damu ya mzee. Aliyezichora ni Mark Rothko.

Wako wasemao kwamba picha hizi ni kilio. Sababu yao ni kuwa Rothko alijiua mwaka 1970, kabla nyumba haijafunguliwa. Basi huona mauti katika kila weusi. Mimi siliridhii neno hilo. Picha zilikwisha mwaka 1967, na kuutwaa mwisho wa mtu na kuupaka juu ya kazi yake si kuitazama kazi. Nani ajuaye moyo wake ulivyokuwa alipoishika brashi?

Afadhali tuulize picha zenyewe zamtendea nini mtazamaji. Mtu atokaye juani akaingia nyumba ya udongo haoni kitu mara moja. Akingoja kidogo huona mtungi, kisha kinu, kisha uso wa bibi aliyeketi kimya. Ndivyo ilivyo huko. Nuru hushuka kutoka darini, nayo hugeuka wingu lipitapo. Kwanza ukuta wote ni giza. Kisha giza moja lajitenga na jingine, na wekundu huchungulia kando ya weusi. Mwenye haraka haoni kitu. (Picha ndogo za vitabuni hazitoi habari hii hata kidogo, zafanana na ubao wa shule uliofutwa.)

Kwa hiyo nasema maana yake i karibu na kungoja kuliko kulia. Mwenye msiba aweza kuikuta humo huzuni yake, kwa kuwa angojaye huja na alicho nacho moyoni. Ila huzuni hiyo ni yake, haikuchorwa. Na atakayekaa, kisha akatoka hakuona ila ukuta mweusi, tusimwite mjinga. Rothko alipoziondoa sura zote alidai mengi kwa mtazamaji, na si kila mtu anayo saa nzima ya kumpa.