Na Wenzake

Kijana mmoja jirani yangu hapa Buzuruga, anayesomea shahada ya pili katika afya ya jamii, alinijia jioni moja na simu yake mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba alinionyesha orodha ya watafiti wa tiba waliopata kufanya kazi Mwanza, na mbele ya kila jina tarakimu mbili: idadi ya mara ambazo maandishi yake yametajwa na wengine, na ile namba waiitayo h. "Mwalimu," akaniambia, "hapa ndipo anapojulikana mtafiti wa kweli." Sikumjibu siku ile. Nimesahihisha mitihani kwa miaka mingi, na msahihishaji huwa mwangalifu anapoletewa alama bila karatasi ya majibu.

Msomaji asiyeijua namba hiyo asione haya. Mwanafizikia Jorge Hirsch aliibuni mwaka 2005. Mtafiti mwenye h ya 20 ni yule mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa walau mara 20. Aliyeandika makala moja tu katika maisha yake, hata ikiubadili ulimwengu, atapata 1. Nyuma ya Hirsch yupo Mmarekani Eugene Garfield, ambaye faharasa yake kubwa ya marejeo ya kisayansi ilianza kutolewa mwaka 1964. Ajabu ni kwamba alipolitoa wazo lake katika jarida la Science mwaka 1955, shabaha mojawapo ilikuwa kumsaidia msomaji agundue kama makala anayoitegemea imekwisha kukosolewa. Chombo kilichokusudiwa kuamsha shaka ndicho tunachokitumia leo kugawa sifa.

Sasa twende kwenye karatasi yenyewe. Makala iliyoipeleka Mwanza duniani ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1995. Ilieleza jaribio lililofanyika katika jumuiya 12 za vijijini mkoani mwetu, zikiwemo za kando ya ziwa na za visiwani. Jumuiya hizo zilipangwa jozi sita. Katika kila jozi, upande mmoja wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kungoja majibu ya maabara. Dawa zikaletwa bila kukatika, wasimamizi wakapita kukagua, wananchi wakaelimishwa. Upande wa pili uliendelea kama ulivyokuwa, nao ukapewa huduma hiyo baadaye. Watu wazima zaidi ya 12,000 waliandikishwa, na baada ya miaka miwili asilimia 71 yao wakapatikana tena. Walioambukizwa virusi vya UKIMWI katika muda huo walikuwa asilimia 1.2 upande wa huduma, na asilimia 1.9 upande wa pili. Maambukizi mapya yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40, na katika jozi zote sita tofauti ilielekea upande uleule.

Nimeisoma makala hiyo mara tatu kwa msaada wa kamusi, kwa maana Kiingereza chake ni cha wenyewe. Naisifu kwa jambo moja hasa: haikutumia kitu ambacho zahanati ya kijijini haiwezi kuwa nacho. Mwuguzi, dawa, daftari na msimamizi anayefika kweli. Anayekumbuka hali ya zahanati zetu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ataelewa kwamba hilo la dawa kutokukatika peke yake lilikuwa muujiza.

Makala hii imetajwa mara nyingi sana. Lakini imetajwa kwa lipi? Mwaka 1999, katika Lancet hiyohiyo, Maria Wawer na wenzake walitoa matokeo ya Rakai, Uganda, ng'ambo ya pili ya ziwa. Wao walipita kaya kwa kaya wakitoa dawa kwa watu wote kila baada ya miezi 10, na maambukizi ya UKIMWI hayakupungua. Mwaka 2003 jaribio la Masaka nalo halikuonyesha punguzo la UKIMWI. Ukazuka ubishi mkubwa. Wengine walisema ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea sana Uganda, hata magonjwa ya zinaa hayakuwa tena mlango mkuu. Wengine wakasema kutoa dawa kwa vipindi si sawa na huduma inayomngoja mgonjwa kila siku. Mimi naona hoja zote mbili zina uzito, ingawa ile ya pili yanivutia zaidi. Ila angalia hesabu: aliyeitaja Mwanza ili kuiunga mkono na aliyeitaja ili kuipinga, wote wameiongezea moja. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji wa watoto, ilifutwa na Lancet mwaka 2010, nayo ni miongoni mwa zilizotajwa mno. Mashine inayohesabu haiulizi kwa nini.

Lakini linaloniudhi hasa si hilo. Makala ya 1995 ina majina 14. Ukiikuta katika maandishi ya wengine utasoma: Grosskurth na wenzake. Heiner Grosskurth alistahili kutangulia, sina ugomvi naye. Ila Mosha, Mwijarubi, Senkoro, Changalucha na Mugeye wote wamemezwa na maneno mawili, "na wenzake". Kidole kimoja hakivunji chawa, tunajua sote, lakini kikishavunja hutajwa kidole kimoja.

Mchukueni John Changalucha, aliyepata kukiongoza kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 1995 jina lake ni la nane. Mwaka 2022, katika makala ya Lancet Global Health kuhusu wasichana 930 wa Mwanza waliopewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, jina lake ni la pili, baada ya Deborah Watson-Jones. Utafiti ule ulionyesha kwamba dozi moja huamsha kinga ya kutosha kwa karibu wasichana wote. Pamoja na ushahidi wa Kenya na kwingineko, Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja mwaka huohuo wa 2022, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2024. Kati ya makala hizo mbili ni miaka 27 ya kukaa mji mmoja. Watu wanabadilika, wafadhili wanabadilika, naye yupo. Ni safu gani ya orodha ya yule kijana inayoonyesha kukaa?

Hapa sina budi kusema jambo ambalo sikupenda kuliandika. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulitoa kijitabu cha mwongozo wa mazoezi ya kufundisha. Walikiandika wakufunzi wanne, usiku, kwa taa ya kandili umeme ulipokatika. Mimi niliandika utangulizi wa kurasa mbili. Kikatoka na jina langu juu, chini yake, kwa herufi ndogo, "na wakufunzi wa chuo". Nilipongezwa katika mikutano miwili, nikapokea pongezi. Mmoja wa wale wanne aliacha kunisalimia kwa muhula mzima, nami nikamwona mkaidi.

Kijana aliporudi wiki iliyofuata nilimpa kalamu na karatasi, nikamwomba anitolee makala ya 1995 na kuniandikia majina yote. Alianza haraka. Alipofika kwa Senkoro akasita, akauliza, "Mwalimu, hawa wote walikuwa hapa Mwanza?" Nikamwambia aendelee kuandika, bado wanane.