Mlima Mmoja, Vitabu Vitatu: Anwani Zinazofanana katika Tanzu Zisizohusiana

1.0 Utangulizi

Msomaji anayepekua katalogi ya maktaba akilifuata jina la Mlima Kenya hukutana na vitabu ambavyo, ukiondoa jina hilo, havina undugu wowote. Facing Mount Kenya (1938) cha Jomo Kenyatta ni ethnografia ya Wagikuyu. No Picnic on Mount Kenya (1952) cha Felice Benuzzi, ambacho kilitoka kwanza kwa Kiitaliano mwaka 1947 kwa jina Fuga sul Kenya, ni kumbukumbu za mfungwa wa vita aliyetoroka kambini ili apande mlima. Kirinyaga (1998) cha Mmarekani Mike Resnick ni bunilizi ya kisayansi ambamo mlima wenyewe haupo ila kwa jina. Vitabu hivi vitatu viliandikwa na watu wasiojuana, kwa nia zisizokaribiana, katika tanzu ambazo hatuzoei kuzifundisha katika darasa moja.

Makala haya yanauliza kama mfanano huo wa anwani una maana yoyote kwa mhakiki. Yapo maoni kwamba hauna: anwani ni kibandiko tu, na anayelinganisha vitabu kwa vibandiko ni sawa na anayetafuta ukoo kwa kufuata watu waitwao Kamau. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatutaki kuipuuza. Hata hivyo, tutajaribu kuonyesha kwamba pale ambapo jina ni la mahali panapogombewa, mfanano wa anwani hufichua jambo ambalo kila kitabu, kikisomwa peke yake, hukificha. Jambo hilo ni mahali anaposimama mtazamaji na haki anayoidai kwa kutazama.

Gérard Genette, katika Seuils (1987), anatenganisha anwani zinazotaja mada na zile zinazotaja umbo la maandishi yenyewe. Utengano huo unafaa kwa kazi nyingi, lakini hapa hautufikishi mbali. Anwani zetu tatu zote ni za mada, na mada inayotajwa ni moja. Tofauti basi haimo katika nomino. Imo katika maneno madogo yanayoizunguka: kitenzi katika anwani ya kwanza, kihusishi pamoja na ukanushi katika ya pili, na ukosefu wa neno lolote la ziada katika ya tatu.

Ushahidi wa upande wa pili unalitia nguvu jambo hili. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), Chege anampeleka mwanawe Waiyaki kwenye kichaka kitakatifu, na kutoka hapo wanauona mlima ilhali baba anasimulia habari za Gikuyu na Mumbi. Maudhui hayo yako karibu sana na ya Kenyatta kuliko yalivyo ya Benuzzi. Lakini Ngũgĩ alichagua mto uwe anwani, kwa kuwa riwaya yake inahusu kinachogawanya watu wa milima miwili midogo. Hivyo basi, undugu wa maudhui hauzai anwani zinazofanana, wala anwani zinazofanana hazithibitishi undugu wa maudhui.

2.0 Kuelekea, Kukabili, Kushangilia

Kitabu cha Kenyatta kilitokana na masomo yake chini ya Bronislaw Malinowski katika London School of Economics, naye Malinowski ndiye aliyekiandikia utangulizi. Kitenzi kinachoianza anwani yake kina maana mbili ambazo kitabu kizima kinazitegemea. Ya kwanza ni ya ibada. Kenyatta anaeleza kwamba Mgikuyu anapomwomba Ngai huuelekea mlima anaouita Kere-Nyaga. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwani lugha yetu ina dhana ya kibla tayari: kuelekea upande fulani wakati wa kusali ni kujitambulisha kuwa mtu wa jumuiya fulani. Maana ya pili ni ya kusimama mbele ya jambo bila kurudi nyuma, na hii ndiyo inayobebwa na kitenzi chetu kukabili.

Ili kuona uzito wa maana hizo mbili, tukumbuke masimulizi ya asili ambayo Kenyatta anayaweka mwanzoni. Muumba anamchukua Gikuyu hadi kileleni, anamwonyesha nchi, kisha anamwelekeza mahali penye mikuyu, katikati ya nchi hiyo. Mahali hapo, ambapo leo huitwa Mukurwe wa Nyagathanga, pamo Murang'a. Kwa hiyo mtazamo wa kwanza kabisa katika masimulizi ni wa kutoka juu kwenda chini: Murang'a inaonwa kutoka mlimani, na kwa kuonwa huko inatolewa iwe milki. Anwani ya Kenyatta inaugeuza mtazamo huo. Mjukuu wa Gikuyu anasimama kwenye nchi aliyopewa babu yake, anainua macho, anamtazama shahidi wa hati yake. Si ajabu kwamba sura ya umilikaji wa ardhi ni miongoni mwa nguzo za kitabu hicho, wala si ajabu kwamba kilichapishwa wakati ambapo ardhi kubwa kuuzunguka mlima huo ilikuwa imetengewa walowezi. Anwani inayoonekana kuwa ya ibada ni hoja ya shamba.

Tafsiri ya Kiswahili ilitolewa na East African Publishing House mwaka 1966 kwa anwani Naushangilia Mlima wa Kenya. Mabadiliko haya yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya ilivyo desturi. Kwanza, kiambishi cha nafsi ya kwanza kimeingizwa pale ambapo Kiingereza hakikuwa na nafsi. Pili, kitenzi cha kuelekea au kukabili kimeachwa, na mahali pake pamewekwa kitenzi cha furaha. Mtu hushangilia kilichokwisha kupatikana, hashangilii kinachogombewa. Tatu, kiunganishi wa kinatoa nafasi ya kusoma Kenya kuwa jina la nchi, si la mlima tu. Mwaka 1938 mwandishi alikuwa mwanafunzi ughaibuni. Mwaka 1966 alikuwa Rais wa Jamhuri. Hatudai kwamba mfasiri alikusudia haya yote, wala hatuhitaji nia yake ili kuisoma anwani. Tunachodai ni kwamba Naushangilia ni anwani ya ushindi, ilhali Facing ni anwani ya mashtaka. Vitabu hivi viwili, ingawa ni kimoja, vimesimama sehemu mbili tofauti mbele ya mlima. Nafsi iliyoongezwa inaleta pia swali ambalo wengi wa mkoa huo walikuwa wakiliuliza baada ya uhuru: ni nani hasa aliyekuwa na sababu ya kushangilia?

3.0 Mlima Usio Lelemama

Benuzzi alikuwa afisa wa utawala wa Kiitaliano nchini Ethiopia. Baada ya kutekwa aliishia katika kambi nambari 354, Nanyuki. Mwezi Januari 1943 yeye, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka. Hawakukusudia kufika nchi isiyo vitani. Nia yao ilikuwa kupanda mlima waliokuwa wakiuona nyuma ya seng'enge. Vifaa walijitengenezea wenyewe kwa nyundo, vyuma chakavu na kamba za vitanda, na miongoni mwa vielelezo vyao ilikuwamo picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa chakula. Walishindwa kufika Batian, kilele cha mita 5,199, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Adhabu ya siku 28 za kufungiwa peke yao ilipunguzwa ikawa siku 7, kwa kuwa mkuu wa kambi alikithamini kitendo chao kama mchezo wa kiungwana.

Hapa pia anwani zinatofautiana kwa lugha. Kiitaliano kinataja kutoroka na kuahidi uhuru. Kiingereza kinakanusha starehe, kwa mzaha ule wa kupunguza makali ya jambo zito. Kiswahili kingesema tu kwamba Mlima Kenya si lelemama, na msemo wetu ungefanya kazi ileile, kwa maana lelemama nayo ni ngoma ya kujifurahisha. Jambo moja zaidi: katika Fuga sul Kenya, jina Kenya ni la mlima, lakini msomaji asiyejua angeweza kulidhani la nchi. Utata huu ni wa kihistoria. Jina ambalo Johann Ludwig Krapf alilisikia kwa Wakamba mwaka 1849 lilikuwa la mlima. Koloni lililipata baadaye, mwaka 1920.

Katika kumbukumbu hizi mlima hauna mwenyewe. Wahusika wanawakwepa watu, kwa kuwa kukutana na mtu ni kukamatwa tena; kwa hiyo msitu na mawe vinabaki bila wakazi, na Ngai hana kiti pale juu. Si haki kumlaumu mfungwa kwa kutoiandika ethnografia. Hata hivyo, mhakiki hana budi kutambua kwamba uhuru wa Benuzzi unategemea utupu huo. Kwake mlima ni mahali pasipo na serikali, ilhali kwa Kenyatta mlima ni asili ya sheria yenyewe. Kihusishi cha juu ya katika anwani kinabeba tofauti hii: Benuzzi yuko juu yake, Kenyatta yuko mbele yake. Miaka 20 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huru kwenye Lenana hiyohiyo. Bendera ya kwanza ilikuwa salamu ya wanaume watatu kwa heshima yao iliyojeruhiwa. Ya pili ilidai nchi. Mahali ni pamoja; matini ni mbili.

4.0 Jina Bila Mlima

Anwani ya Resnick ni nomino tupu. Haina mtazamaji, haina kihusishi. Upweke huo una mantiki, kwa sababu katika kitabu chake Kirinyaga ni sayari ndogo iliyotengenezwa ili kikundi cha Wagikuyu waishi kama mababu zao. Msimulizi ni Koriba, mundumugu aliyesoma katika vyuo vikuu vya ng'ambo, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna kinachobadilika. Hadithi ya kwanza ya mfululizo huo, yenye jina hilohilo, ilitoka mwaka 1988 ikapata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata.

Nguvu ya kitabu iko katika kumwacha Koriba ajieleze mwenyewe hadi hoja zake zimshitaki. Mfano mkubwa ni habari ya Kamari, msichana anayetaka kujua kusoma. Koriba anamkataza kwa jina la mila; mtoto anabuni maandishi yake mwenyewe, anazuiwa tena, na mwisho wake ni kifo cha kujinyonga. Anayefundisha fasihi hawezi kuisoma sehemu hii kwa utulivu. Ndani ya kitabu kilichochukua jina la mlima ambao Muumba alimwonyeshea mwanadamu nchi, mtoto anafia kiu ya kuona zaidi ya alichoonyeshwa.

Lakini hapa pia ndipo udhaifu wa kitabu unapojitokeza, na ndipo ulinganisho wa anwani unapotupatia faida. Resnick anampa Mgikuyu njia mbili tu: awe kama babu yake, au awe Mzungu mweusi, kama Koriba anavyowaita waliobaki Nairobi. Historia ya miteremko halisi ya mlima inaikana dhana hiyo. Kikuyu Independent Schools Association, iliyoundwa mwaka 1934 na kuwa na mizizi Murang'a na Nyeri, ilianzishwa na watu waliotaka kusoma bila kuachilia mila zao mikononi mwa misheni. Chuo cha ualimu cha Githunguri kilifuata mwaka 1939, na Kenyatta mwenyewe alifanya kazi huko baada ya kurejea mwaka 1946. Njia ya tatu ilikuwapo, na ilijengwa kwa michango ya wanavijiji. Fumbo la Resnick linafanikiwa kwa kuwa limeubeba mlima likaiacha miteremko yake.

Tukumbuke pia kwamba ethnografia ya Kenyatta, kwa kuandikwa katika wakati uliopo usio na tarehe, ilikuwa na hatari hiyo ndani yake. Mila zinapoelezwa kana kwamba hazijawahi kubadilika, hazikosi kutokea mtu wa kuzigeuza kuwa kanuni. Koriba ni msomaji wa namna hiyo. Kwa maana hii Kirinyaga, bila ya kuwa na uhusiano wa utanzu na Facing Mount Kenya, kinakionya.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba anwani zinazolitumia jina moja haziviunganishi vitabu, bali huvipambanisha. Kenyatta anausimamia mlima kama mdai, mfasiri wake wa Kiswahili kama mshindi. Benuzzi anausimamia kama mfungwa aliye likizoni. Resnick anaunyang'anya jina. Mhakiki anayeanzia kwenye utanzu angeviweka vitabu hivi katika rafu tatu, na asingeyaona madai haya yakikutana.

Kuna pendekezo moja la kivitendo. Wanafunzi wa uzamili wanaoshughulikia tafsiri wazichukulie anwani zilizotafsiriwa kuwa matini zinazojitegemea. Naushangilia Mlima wa Kenya hutajwa katika orodha za marejeo kana kwamba ni mwangwi tu wa kitabu cha 1938. Kitenzi chake, kiambishi chake na kiunganishi chake vinasema mengine, na havijapata mhakiki wa kuvishughulikia inavyostahili. Kazi hiyo ingefaa ianzie Murang'a, mahali ambapo, kwa mujibu wa masimulizi, palionwa kutoka mlimani kabla hapajapata mtu wa kuutazama mlima.