Koti la Mzee Ojwang'

Nyuma ya steji ya Kitengela kuna fundi anayechora mabango ya vinyozi na bucha. Riziki yake iko humo. Ila ukutani, juu ya mikebe ya rangi, alikuwa ametundika kipande cha plaiwudi chenye picha ya Mzee Ojwang', na tangu siku nilipokiona sikupata raha mpaka nikakinunua.

Kofia, miwani mikubwa, koti pana. Mkenya aliyekulia mbele ya vichekesho vya Vitimbi kwenye KBC hahitaji kuandikiwa jina. Mchoraji mvivu angekomea hapo. Huyu alianzia hapo. Koti limepita bega kwa vidole viwili hivi, na pale bega lenyewe linapoishia ndani ya kitambaa amepitisha kivuli chembamba cha kahawia, utadhani mfupa unasukuma kwa ndani.

"Fundi, mbona koti limemzidi?"

"Koti ni la Ojwang', mwalimu. Aliye ndani ni Wanjau."

Benson Wanjau, mwigizaji wa Ojwang' aliyetutoka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kile Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kilichotuvunja mbavu miaka yote hiyo alikivaa kama alivyolivaa koti, na rangi haina sauti ya kutuonyesha hilo. Anayemchora mwigizaji ana watu wawili wanaogombea uso mmoja. Nadhani ndiyo maana fundi akaikimbilia miwani. Kioo cha kushoto kimejaa mng'ao mweupe wa taa ya studio, jicho halionekani kabisa. Cha kulia ni safi, na jicho lililo nyuma yake linatazama pembeni, kama la mtu anayengoja zamu yake ya kusema. Mdomo unachekesha, jicho linahesabu. Sijaona picha ya kamera iliyoweza hivyo. Kamera hupewa nukta moja tu, na ndani ya nukta moja Ojwang' humshinda Wanjau kila mara.

Nilipanda matatu ya Kajiado nimeipakata ile picha. Abiria wakaisalimu kwa lafudhi yake, kicheko kikazunguka gari zima mpaka Isinya. Mama mmoja wa Kimaasai aliyeketi kando yangu, shanga zimemjaa kifuani, hakucheka. Aliiinamia, akaifunika kofia kwa kiganja, kisha koti kwa ncha ya shuka yake, ukabaki uso mtupu.

"Huyu simfahamu," akasema. "Ila kazi imemchosha."