Robo Maili Juu ya Meza: Jinsi Dragsta ya 1964 Inavyojengwa kwa Uwiano wa 1:25

Tarehe 1 Agosti 1964, katika uwanja wa Island Dragway huko Great Meadows, New Jersey, Don Garlits alimaliza robo maili akiwa na kasi ya maili 201.34 kwa saa, yaani takriban kilomita 324. Gari lake lilikuwa fremu ndefu ya mabomba ya chuma, injini iliyo wazi kabisa, tairi mbili pana nyuma na magurudumu mawili membamba mbele. Dereva alikaa nyuma ya ekseli, miguu yake ikipita juu ya difu, ili uzito mwingi uelemee tairi zinazosukuma.

Wajenzi wa modeli wanalipenda sana gari la namna hii, na ndilo linalowaumbua wengi. Modeli ya gari la kawaida huficha udhaifu wake chini ya boneti. Dragsta haina boneti, haina milango, haina hata vioo. Kila bomba, kila waya na kila nati iko mbele ya macho. Ndiyo maana modeli yenye vipande mia mbili inaweza kuonekana kama kichezeo, na nyingine yenye nusu ya vipande hivyo ikakufanya utafute harufu ya mafuta. Tofauti inatokana na swali ambalo mjenzi amejiuliza kabla ya kubandika kila kipande: hiki kilifanya kazi gani?

Mwaka kwanza, gundi baadaye

Magari haya yalibadilika haraka mno. NHRA, chama kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kilipiga marufuku mafuta ya nitromethani katika mashindano yake mwaka 1957, na kufikia 1964 marufuku hiyo ilikuwa imeondolewa kabisa. Mabomba ya ekzosi yaliyoelekea chini mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaanza kupindwa juu na nyuma, yapulize moshi wa tairi usimzibe dereva macho. Kisha, tarehe 8 Machi 1970, giaboksi ya gari la Garlits ililipuka katika uwanja wa Lions huko California na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda mashindano ya Winternationals huko Pomona, na baada ya muda mfupi dragsta za injini mbele zikatoweka kwenye mstari wa mbele wa mashindano.

Kwa mjenzi, historia hii ni maelekezo ya kazi. Seti nyingi za plastiki huja na vipande vya kuchagua, na ni rahisi kubandika ekzosi za 1965 kwenye fremu ya 1960 kwa sababu tu zinapendeza. Modeli ya hivyo haiwakilishi gari lolote lililowahi kugusa lami. Njia salama ni kuchagua gari moja na msimu mmoja, halafu kutafuta picha zilizopigwa uwanjani siku za mashindano. Magari yaliyohifadhiwa, kama yale ya makumbusho ya Garlits huko Ocala, Florida, yanafaa sana kwa kupata vipimo na maungio. Lakini gari lililokarabatiwa kwa maonyesho mara nyingi hung'aa kuliko lilivyong'aa kazini, kwa hiyo picha za wakati ule ndizo zenye kauli ya mwisho.

Hesabu inayotawala kila kitu

Katika uwiano wa 1:25, inchi moja ya gari ni milimita 1.016 ya modeli. Hii ni bahati kubwa, kwani magari haya yalijengwa kwa inchi: unasoma inchi, unakata milimita, na kosa halifiki asilimia 2. Bomba la fremu la inchi 1.5 linakuwa waya wa milimita 1.5. Gari lenye inchi 150 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma linakuwa na milimita 152.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofichua uongo wa plastiki. Kipande cha bodi chenye unene wa milimita 1 kinawakilisha bati la milimita 25, na hakuna fundi aliyewahi kukunja alumini ya unene huo akaifunga kwenye gari la mbio. Basi kingo zote zinazoonekana lazima zikwanguliwe kwa ndani hadi zibaki nyembamba. Wengine huitupa plastiki na kukata upya kwa bati la kopo la soda, ambalo lina unene wa takriban milimita 0.1 na hukunjika kama alumini halisi, kwa sababu ni alumini halisi.

Rangi nayo ina unene. Tabaka la milimita 0.1, ambalo kwenye gari kamili ni la kawaida, likiwekwa kwenye modeli ni sawa na kulipaka gari rangi ya milimita 2.5. Mistari ya maungio inazama na vichwa vya skrubu vinapotea. Rangi ipulizwe kwa matabaka mepesi sana, na kila tabaka likauke kabla ya linalofuata. Punje zinazometameta ndani ya rangi ziwe laini kama unga, la sivyo zitaonekana kama kokoto.

Fremu: nyoofu au si kitu

Fremu za plastiki zina makosa mawili. Zina mstari wa kalibu unaopita urefu wote wa bomba, na baada ya muda hulegea katikati kwa uzito wa injini. Mstari huondolewa kwa kisu na msasa laini, lakini kulegea hakuna dawa. Ndiyo maana wajenzi makini hutumia mabomba ya shaba nyeupe ya milimita 1.5 na kuyaunga kwa lehemu.

Kazi hii haifanywi hewani. Mchoro wa fremu hubandikwa kwenye ubao bapa, pini zikapigwa pande zote mbili za kila mstari, na mabomba mawili marefu yakalazwa kwanza. Mabomba ya kukatisha hufuata, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili joto la lehemu lisivute upande mmoja. Kila ncha huchongwa kwa tupa ya mviringo hadi ilikumbatie bomba linalopokea. Pasipochongwa, fundi hujaza pengo kwa lehemu, na donge hilo kwenye gari kamili lingekuwa na ukubwa wa chungwa. Mwishoni fremu huwekwa juu ya kioo. Ikicheza hata kidogo, irudi kwenye ubao, kwa sababu gurudumu la mbele linaloelea hewani litaharibu kazi yote itakayofuata.

Injini: fuata mafuta, fuata cheche

Hapa ndipo modeli inapopata uhai. Injini iliyotamba wakati huo ilikuwa Chrysler Hemi ya inchi za ujazo 392, sawa na lita 6.4, iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya magari ya familia yenye uwezo. Juu yake ilikaa supachaja aina ya 6-71, iliyobuniwa kwa injini za dizeli za GMC za mizunguko miwili: silinda 6, kila moja inchi za ujazo 71. Injini ya dizeli ya aina hiyo haiwezi kufukuza moshi bila kusukumiwa hewa, kwa hiyo mafundi wa mbio walikuta pampu kubwa ya hewa iko tayari kwenye malori na mabasi. Mjenzi anayelijua hilo hataipaka supachaja kromu bila kufikiri. Ni kasha la alumini ya kumiminwa, lenye mbavu na uso uliofifia, na likiwa limeng'arishwa basi mtu aliling'arisha kwa mkono wake.

Njia ya mafuta ianzie kwenye tangi lililo mbele ya injini. Mpira mnene unatoka chini ya tangi hadi kwenye pampu iliyofungwa mbele ya injini. Mwingine unapanda hadi kwenye vali iliyo chini ya mdomo wa kuvutia hewa, na kutoka hapo mirija myembamba inagawa mafuta kwenye nozeli. Lazima pia uwepo mpira wa kurudisha mafuta yaliyozidi kwenye tangi. Modeli nyingi hukosa mpira huo wa kurudi, na anayeijua injini huona pengo hilo mara moja. Waya wa lehemu wa milimita 0.5 unafaa kuwa mpira wa nusu inchi: unapinda taratibu kwa kidole na haurudi ulikotoka.

Cheche ina utaratibu wake. Hemi ina plagi katikati ya kichwa cha silinda, kwa hiyo nyaya zinaingia kwenye matundu manne yaliyo juu ya kila kifuniko cha vali. Waya wa plagi wa milimita 8 unakuwa milimita 0.32, na tundu lake hutobolewa kwa keekee ya kushika mkononi. Silinda 1, 3, 5 na 7 ziko upande wa kushoto wa dereva, 2, 4, 6 na 8 kulia, na mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Nyaya zitoke kwenye magneto kwa mpangilio huo. Ukizitoa hovyo zitapishana mahali ambapo kwenye gari halisi hazikupishana, na kifungu chote kitaonekana kimelala vibaya hata kwa asiyejua sababu.

Tazama pia visivyokuwepo. Hakuna rejeta, kwa kuwa injini ilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Magneto hujitengenezea umeme, kwa hiyo hakuna betri wala altaneta. Starta pia hakuna: gari lilisukumwa na gari jingine hadi injini iwake, na hivyo nyuma lazima kuwe na kipande imara cha kupokea msukumo, karibu na mfuko wa parashuti. Magurudumu ya mbele hayana breki. Anayeongeza vitu hivyo ili modeli ionekane imejaa anaondoa ukweli wake.

Chuma kisifanane na chuma kingine

Kromu ya kiwandani kwenye seti za plastiki inang'aa kupita kiasi, na inakipa kila kipande sura moja. Loweka vipande hivyo kwenye jiki, itatoka, kisha paka upya kulingana na metali. Rimu za magnesiamu ni za kijivu kilichokolea. Alumini ni nyepesi zaidi. Kromu ya kweli ibaki kwenye sehemu chache zilizokuwa nayo. Ekzosi ziwe na dalili ya joto: rangi ya majani makavu na buluu karibu na kichwa cha silinda, ikififia kuelekea mdomoni. Mdomo wenyewe utobolewe hadi ukingo wake uwe mwembamba.

Tairi za nyuma hazikuwa na kashata. Zikitoka kwenye boksi huwa nyeusi zenye kung'aa, ilhali tairi iliyochoma mpira uwanjani ni ya kijivu, na uso wake umekwaruzika. Zungusha tairi juu ya msasa mara chache, uso ule pekee unaokanyaga lami.

Uchakavu uishie hapo. Wengi wamejifunza kuchakaza kwenye modeli za vifaru, wakahamisha kutu na tope hadi kwenye dragsta. Magari haya yalifutwa na kukaguliwa kila baada ya mbio, kwa sababu ufa mdogo kwenye fremu ungeweza kuua. Alama halali ni michirizi ya mpira ubavuni nyuma ya tairi, doa la mafuta chini ya mdomo wa tangi, na vumbi jeusi la mkanda wa supachaja.

Ukitaka kuipima modeli iliyokamilika, yako au ya mwingine, usihesabu vipande. Weka kidole kwenye tangi na ufuate mafuta hadi kwenye silinda. Rudi, uanze kwenye magneto, ufuate cheche. Kisha fuata nguvu kutoka kwenye injini, kupitia klachi na difu, hadi kwenye tairi. Kama kidole chako hakikukwama popote, mjenzi aliielewa mashine, na heshima ya kazi hiyo anaistahili hata kama rangi yake ina vumbi. Kama kimekwama, hapo ndipo kazi ya kesho ianzie.