Mashine Ndogo ya Kukerezea: Ikague Ikiwa Imezimwa

Lushoto mbao hazisumbui. Shamba la miti la Shume lina misaiprasi na mipaini, na mgrivea umesimama kwenye mipaka ya mashamba ya watu. Kinachomkwamisha seremala chipukizi anayetaka kukereza matendegu, vigoda au michi ni mashine. Basi hujiundia: hununua vipande vilivyochongwa tayari akaviunga mwenyewe, au humpelekea fundi wa kuchomelea vyuma vya pembe.

Akikuita uione, jambo la kwanza ataiwasha. Mwambie azime. Mota ni kitu cha dukani, ikiungua utanunua nyingine. Wewe kagua kilichofanywa na mkono wake.

Anza na kitanda, yaani reli ambazo kila kitu kinakaa juu yake. Tafuta fito mbili zilizonyooka, laza moja kila mwisho, chuchumaa, utazame ukingo wa ile ya mbele juu ya ukingo wa ile ya nyuma. Zikilingana, vema. Moja ikiinua pembe, kitanda kimepinda, na hakuna kukaza bolti kutakakokinyoosha. Mara nyingi kosa ni haraka: chuma kimechomelewa mfululizo bila kupoa, joto likakivuta. Kitanda cha mbao nacho kinafaa, tena kinameza mtetemo vizuri, ila kwa ukungu na mvua za huku juu, mbao iliyopasuliwa juzi itajikunja kabla masika hayajaisha. Uliza ilianikwa muda gani.

Kisha sogeza mkia, yaani sehemu inayoteleza juu ya kitanda, hadi ncha yake ikaribie ncha ya kichwa, yaani upande unaozungushwa na mota. Zitazame kwa juu, halafu kwa ubavuni. Zikipishana, tundu la upande wa mkia litapanuka kadiri mti unavyozunguka, mti utalegea, na ukitoboa kwa keekee kutoka mkiani tundu litakwenda kombo.

Shika shafti kwa mkono, isukume na kuivuta. Isicheze hata kidogo. Beringi namba 204, yenye tundu la milimita 20, inatosha kwa mashine ndogo; 205, ya milimita 25, itakupa moyo zaidi. Wako wanaofunga habu ya baiskeli. Kwa kukereza pia za watoto, sawa. Kwa tendegu la mninga, hapana.

Puli ziwe na ngazi. Mota inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, ukiifunga puli ya sentimita 6 na shafti puli ya sentimita 12, itakupa mizunguko kama 720, na mti mnene unataka mwendo wa chini. Mwenye puli moja tu amejiundia mashine ya kazi moja.

Sasa iwashwe. Funga mgrivea mkavu, patasi iwe kali, kiegemeo kikae karibu na mti. Takataka zikitoka ndefu, zimejiviringa, mashine imetulia. Ukiona mawimbi yanayojirudia juu ya mti, kuna kitu kinatetemeka; rudi kwenye beringi na kitanda.

Kama fedha inatosha kimoja tu, kitanda kizito au mota kubwa, chukua kitanda. Na ikiwa unainunua, muuzaji akikuambia kifuniko cha mkanda utakitengeneza baadaye, usilipe mpaka akifunge.